Padang, warteg au saung: ule kwa familia ipi ukiwa Indonesia?

Anayefika Jakarta au Bandung kwa mara ya kwanza hapati shida ya kutafuta chakula. Shida ni kuchagua. Kila mtaa una mtu anayepika, na wengi wao ni familia: mama yuko jikoni, baba yuko kwenye hesabu, mpwa anabeba sahani. Hoteli kubwa zina menyu zenye picha, na hakuna ubaya kula huko siku ya kwanza ukiwa umechoka na safari. Lakini ukitaka kujua Waindonesia wanakula nini, lazima uingie kwa hizi familia, na hapo ndipo mgeni anaposimama mlangoni asijue aingie au apite.

Nalinganisha aina tatu ambazo utakutana nazo mara nyingi kwenye kisiwa cha Java. Ya kwanza ni mgahawa wa Kipadang, unaojulikana kwa sahani zilizopandana dirishani. Ya pili ni warteg, kibanda cha watu wa Tegal. Ya tatu ni mgahawa wa Wasunda wa Java Magharibi, wenye vibanda vya mianzi vinavyoitwa saung. Nazipenda zote tatu. Ninachotaka ni usiingie mahali pazuri kwa siku isiyo yake, kwa sababu nimeona watu wengi wakitoka wamenuna huku chakula hakina kosa lolote.

Vipimo

Kipimo ninachokiweka mbele ya vyote ni saa ya kupika. Wageni wengi huuliza kwanza kuhusu pilipili na bei, lakini saa ya kupika ndiyo inayoamua uende saa ngapi, usubiri kiasi gani na ukague nini kabla ya kukaa. Chakula cha Kipadang kimepikwa ili kikae. Cha warteg kimepikwa ili kiishe leo. Cha Wasunda, sehemu kubwa hakijapikwa mpaka uagize.

Baada ya hapo naangalia namna ya kuagiza na kulipa (hapa ndipo ugomvi wa bili unapozaliwa), ladha na ukali, bei, mahali pa kukaa, kisha mambo ya mwiko na mzio. Bei ninazotaja ni makadirio ya Jakarta na Bandung. Shilingi moja ya Tanzania inapata rupia sita na kitu, na shilingi moja ya Kenya rupia kama 125, kwa hiyo usiogope ukiona maelfu.

Aina zote tatu zina matawi ya kibiashara siku hizi. Katika warteg, kwa mfano, kuna mtandao wa Kharisma Bahari wenye vibanda vinavyofanana rangi na vyakula. Si vibaya, ila hapa nazungumzia pale ambapo mwenye mali ndiye anayekupokea pesa.

Mgahawa wa Kipadang

Wenye migahawa hii kwa asili ni Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, mkoa ambao mji wake mkuu ni Padang. Kwao nyumba na mashamba ya mpunga hurithiwa upande wa mama, na kijana wa kiume anatarajiwa kuondoka akatafute maisha mbali. Wengi walioondoka walifungua migahawa. Baada ya uasi wa PRRI (serikali ya waasi iliyotangazwa Sumatra Magharibi mwaka 1958) kushindwa, waliohama kwenda Jakarta na miji mingine waliongezeka, na leo ni vigumu kupita mji wowote wa Indonesia usione paa lao lenye ncha zilizopinda kwenda juu, au angalau picha yake kwenye kibao.

Kuna jambo moja nyuma ya pazia ambalo mteja halioni. Migahawa mingi ya aina hii kwa desturi haina mshahara wa kila mwezi. Faida inagawanywa kwa pointi wanazoziita mato: mpishi mkuu ana zake, mbeba sahani ana zake, muosha vyombo ana zake. Anayekuhudumia ana hisa katika unachokula, na unaiona kwenye mwendo wake.

*Saa ya kupika.* Jiko linawaka mapema na vyakula vinaingia dirishani kabla ya mchana. Rendang ndiyo inayofahamika kuliko vyote: nyama ya ng'ombe inapikwa kwa tui, pilipili, mchaichai, tangawizi na viungo vingine kwa saa nyingi, mpaka tui likauke na mafuta yake yenyewe yaanze kuikaanga nyama. Inatoka na rangi ya kahawia inayokaribia weusi, na inakaa siku kadhaa bila jokofu. Ndiyo maana ukifika saa kumi jioni huna cha kupoteza kwenye rendang, wala kwenye dendeng, ile nyama iliyokatwa nyembamba, ikakaushwa, ikakaangwa na kumwagiwa pilipili. Lakini samaki wa mchuzi na kimanda kinene cha Kipadang havisubiri hivyo. Kuanzia alasiri mimi naviacha.

*Kuagiza na kulipa.* Katika mgahawa mkubwa unaketi na huulizwi kitu. Mhudumu anatoka upande wa dirisha na sahani zaidi ya kumi zimepandana juu ya mkono mmoja, kuanzia kiganjani hadi karibu na bega, na anaziteremsha moja moja kwa mkono mwingine bila kumwaga tone. Dakika moja baadaye meza imejaa: rendang, kuku wa aina mbili tatu, samaki, mayai kwenye pilipili nyekundu, mapafu yaliyokaangwa mpaka yakawa makavu, ubongo kwenye mchuzi wa manjano, kano za mguu wa ng'ombe zilizolainika, fenesi bichi kwenye tui, na kisamvu. Mtindo huu unaitwa hidang.

Usishtuke, hulipi vyote. Unalipa ulichogusa tu. Sahani yenye vipande viwili ukila kimoja, unahesabiwa kimoja. Ambayo hukugusa inarudi dirishani, na kwa sababu hiyo adabu ya meza hii ni kali: usinuse karibu, usigeuze vipande kwa kidole, usichovye kijiko cha mdomoni kwenye sahani ambayo huna nia ya kuimaliza. Kama wazo la sahani kurudi dirishani linakukera, kuna njia ya pili iitwayo rames. Unasimama dirishani, unaonyesha kitoweo kimoja au viwili, unapewa sahani yako ikiwa na wali, mboga, mchuzi na pilipili. Migahawa midogo ya familia mara nyingi hufanya hivi tu.

*Ladha na ukali.* Mtu wa pwani yetu hapa hatajiona mgeni. Tui liko kila mahali, manjano yapo, na kisamvu chao hakitwangwi: majani machanga ya muhogo yanachemshwa yakiwa mazima, unayachovya kwenye pilipili au kuyala na mchuzi. Ukali upo wa kweli. Pilipili ya kijani kwa kawaida ni ya upole kuliko nyekundu. Kwa watoto, au mzee ambaye tumbo lake halitaki fujo, kuna ayam pop, kuku mweupe anayechemshwa kwa maji ya dafu na viungo kisha akapitishwa kidogo kwenye mafuta. Pilipili yake inakuja pembeni.

*Bei.* Sahani ya rames ni kati ya rupia 20,000 na 35,000 kwa kitoweo kimoja. Hidang haina bei ya kutabirika kwa sababu mkono wako ndio unaoandika bili. Watu wanne wenye njaa wanaweza kupita rupia 250,000 bila kujua, hasa wakishambulia ubongo, kamba na vichwa vya samaki.

*Kukaa.* Meza na viti, taa kali, feni. Si mahali pa mazungumzo marefu, lakini hakuna atakayekufukuza.

*Mwiko na mzio.* Utamaduni wa Waminangkabau umefungamana na Uislamu, kwa hiyo msafiri Mwislamu anakula hapa kwa utulivu. Mwenye mzio wa karanga pia ana nafuu: hata mishikaki yao huja na mchuzi mzito wa unga wa mchele, tofauti na ile ya Kijava inayokuja na mchuzi wa karanga. Nafuu siyo ruhusa, bado uliza. Asiyekula nyama ndiye anayepata shida, kwani michuzi ya mboga mara nyingi imepikwa na mafuta au vipande vya nyama.

*Inamfaa nani?* Kundi la watu watatu hadi sita wanaotaka kuonja mengi kwa kikao kimoja, anayechelewa kula, na anayependa chakula cha tui na pilipili.

Warteg

Tegal ni mji wa pwani ya kaskazini ya Java ya Kati, na warung ni kibanda cha biashara. Watu wa huko walianza kufungua vibanda vya chakula Jakarta kwa ajili ya vibarua waliokuwa wakijenga mji, na mpaka leo mteja mkuu ni yule yule: fundi, dereva wa pikipiki za abiria, mlinzi, karani wa ofisi mwenye nusu saa. Msomaji wa Tanzania atamtambua mama ntilie hapa bila kuambiwa.

Familia inavyoiendesha ni jambo ninalolistahi sana. Kibanda kimoja mara nyingi kina familia mbili za ukoo mmoja zinazopokezana. Moja inakaa Jakarta miezi mitatu au minne ikipika usiku na mchana, nyingine iko kijijini ikilima na kulea watoto, kisha wanabadilishana. Kwa mteja maana yake ni kwamba mkono wa mpishi unabadilika. Ukirudi baada ya miezi kadhaa ukakuta mboga ina chumvi tofauti na uliyoizoea, huenda shemeji ndiye aliye zamu.

*Saa ya kupika.* Wanaanza kabla ya alfajiri, na vyungu vinaongezwa kuelekea mchana. Kila kitu kimepimwa kiishe siku hiyo hiyo. Saa nzuri ni kuanzia saa tano asubuhi hadi saa saba mchana, kabati likiwa limejaa na mvuke ungali kwenye kioo. Saa tisa utaona matundu kati ya bakuli. Vibanda vingine havifungi usiku kucha, na vinamwokoa mtu aliyeshuka kwenye basi saa nane za usiku, lakini saa hiyo kula mayai ya kukaangwa mbele yako na wali, acha mchuzi uliokaa. Dalili ninayoiamini kuliko rangi ya ukuta ni foleni. Kibanda chenye foleni mchana hakina chakula cha jana.

*Kuagiza na kulipa.* Hakuna menyu. Kabati la kioo liko mbele ya benchi refu, mama yuko upande wa pili, wewe unaonyesha kidole. Anaanza na wali, na ukitaka nusu unasema *nasi setengah*. Kisha unaonyesha hiki na kile, anajaza, unakaa. Kwenye sahani ya pembeni kuna vitafunwa vya kukaanga: tempe (soya iliyochachushwa), tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) iliyojazwa mboga, na maandazi ya kabichi na karoti. Unajichukulia mwenyewe, hakuna anayekuangalia. Ukimaliza unasimama na kutaja ulichokula, pamoja na idadi ya vitafunwa, na mama anajumlisha kichwani na kukupa jibu kabla hujafungua pochi. Mfumo mzima umesimama juu ya mteja kusema kweli. Mgeni anayepunguza kitafunwa kimoja anajidhulumu mwenyewe mbele ya watu waliomkaribisha.

Bei za vyakula huwa hazijabandikwa. Usione haya kuuliza *berapa* kabla ya kuchukua kipande cha nyama au samaki, maana hivyo ndivyo vinavyopandisha hesabu.

*Ladha na ukali.* Hapa ladha inaelekea utamu, kama ilivyo Java ya Kati. Sosi nzito na tamu ya soya inaingia kwenye vingi. Jaribu orek, tempe iliyokatwa vijiti vidogo na kukaangwa na sosi hiyo mpaka inang'aa. Ongeza kangkung, mboga ya majani inayoota majini, iliyotiwa kitunguu saumu, na yai kwenye pilipili. Wali, mboga na yai hivyo vitatu ni mlo kamili wa mchana. Jengkol ni maharagwe makubwa bapa yenye harufu inayobaki mdomoni na kwenye mkojo hadi kesho. Wanaoyapenda wanayapenda kwa moyo wote, lakini usiyale kabla ya kikao cha kazi.

*Bei.* Rupia 12,000 hadi 25,000 na umeshiba. Chai isiyo na sukari huwa bure au karibu na bure.

*Kukaa.* Benchi la pamoja, bega kwa bega. Mwezi Julai 2021, wakati wa masharti ya korona, serikali iliruhusu kula vibandani kwa dakika 20 tu. Kwa warteg huo ni muda unaokaribiana na kawaida yake: ukimaliza unampisha mwingine.

*Mwiko na mzio.* Asiyekula nyama anashiba hapa kwa pesa kidogo kuliko popote. Angalizo ni kwamba pilipili na baadhi ya mboga hutiwa kamba wakavu au terasi, kamba waliochachushwa na kusagwa wakawa kibonge. Mwenye mzio wa soya atapata shida kubwa, maana imo kwenye tempe, tofu na sosi, yaani karibu kila bakuli.

*Inamfaa nani?* Mtu mmoja au wawili, wenye haraka, wenye bajeti ndogo, au wanaokaa muda mrefu mjini na wanataka chakula cha kila siku kisichochosha tumbo.

Mgahawa wa Wasunda

Wasunda ni kabila la pili kwa ukubwa Indonesia baada ya Wajava, na kwao ni nyanda za juu zinazozunguka Bandung, Garut na Bogor. Ni nchi ya maji, mabwawa ya samaki na bustani za mboga, na mgahawa wao umejengwa kwa hivyo hivyo. Unavua viatu, unapanda kwenye kibanda cha mianzi, unakaa kwenye mkeka kuzunguka meza fupi. Mara nyingi chini yenu kuna bwawa.

*Saa ya kupika.* Ukishaagiza. Samaki anachotwa, anasafishwa, anakaangwa au kuchomwa. Pilipili inatwangwa kwenye kinu bapa cha jiwe wakati ninyi mnasubiri. Wali wa liwet unapikwa kwenye sufuria yake ndogo pamoja na mchaichai na dagaa wakavu, na unaletwa mezani na sufuria yenyewe. Tenga nusu saa mpaka dakika 45, na zaidi siku ya Jumapili. Mkienda na njaa kali mtagombana kabla chakula hakijafika, kwa hiyo agizeni kwanza tofu ya kukaanga.

*Kuagiza na kulipa.* Kuna menyu iliyochapishwa na mnaagiza vya kugawana. Mtego uko kwenye samaki. Gurame, samaki mpana wa maji baridi anayeagizwa sana, mara nyingi huandikwa bei kwa *ons*, na ons moja Indonesia ni gramu 100. Ukisoma rupia 14,000 ukadhani ni bei ya samaki mzima, subiri bili: samaki wa gramu 700 ni ons saba, yaani rupia 98,000. Hakuna anayekuibia, ndivyo wanavyouza. Omba samaki apimwe kabla ya kwenda jikoni na bei itajwe. Tazama pia sehemu ya chini ya menyu, maana migahawa ya kiwango hiki huongeza kodi ya asilimia 10, na mingine ada ya huduma juu yake. Kwenye warteg hutakutana na nyongeza hizo.

*Ladha na ukali.* Hapa ndipo tofauti na Padang inapokuwa kubwa. Tui ni dogo, mchuzi mzito haupo. Kinachotawala ni mboga mbichi: tango, kabichi, mrehani, bilinganya changa za kijani zinazolika bila kupikwa. Unachovya kwenye pilipili, unatia mdomoni pamoja na wali na samaki. Kuna sayur asem, supu ya mboga na mahindi iliyotiwa ukwaju, na pepes, samaki aliyefungwa kwenye jani la mgomba pamoja na viungo. Aliyezoea wali wa nazi na mchuzi anaweza kuona kama kuna kitu kimesahaulika jikoni. Akipe chakula hiki muda. Samaki aliyekaangwa mpaka mapezi yake yanavunjika mkononi, mrehani mbichi na pilipili iliyotwangwa dakika tano zilizopita vina ukamilifu wao. Na kwa kuwa pilipili inakaa kwenye kinu chake pembeni, kila mtu anajipimia. Kwenye Padang uhuru huo ni mdogo, kwa sababu pilipili imeshaingia ndani ya nyama.

*Bei.* Rupia 60,000 hadi 120,000 kwa kila mtu, ikitegemea samaki.

*Kukaa.* Hapa ndipo inapozishinda zile nyingine mbili kwa starehe. Watu wanane hadi kumi wanaenea kwenye kibanda kimoja, watoto wanalisha samaki, wazee wanaegemea nguzo, na sehemu nyingi zina mahali pa kuswalia. Hakuna anayekuharakisha. Mzee mwenye magoti mabovu aombewe meza ya kawaida mapema, kwani huwa zipo chache. Kama unapania migahawa ya njia ya Puncak, kati ya Bogor na Cianjur, jua kwamba mwisho wa wiki polisi huifanya barabara kuwa ya upande mmoja kwa zamu, na safari ya saa moja na nusu inaweza kula siku nzima.

*Mwiko na mzio.* Mwenye mzio wa karanga awe macho. Karedok, mboga mbichi zilizochanganywa, zimelowa mchuzi wa karanga, jambo ambalo ni rahisi kuliona. Sayur asem nayo ina karanga ndani ya supu, na hilo watu hawalitarajii. Pilipili ya kawaida ina terasi. Ukisema *tanpa terasi* watakutwangia nyingine, na huo ndio uzuri wa mahali panapopika baada ya kuagiza.

*Inamfaa nani?* Familia yenye watoto, sherehe ndogo, wageni unaotaka kuongea nao, na yeyote ambaye siku hiyo hana pa kukimbilia.

Yanayohusu zote tatu

Mkono wa kulia unatosha kote. Bakuli la maji lenye kipande cha ndimu linalokuja mezani ni la kunawa, usilinywe.

Waite wenyeji kwa heshima za kwao na sura zitafunguka. Kwa Wapadang, mwanamke aliyekuzidi kidogo ni *Uni* na mwanamume ni *Uda*. Kwenye warteg sema *Bu* kwa mama mwenye kibanda, *Mbak* kwa dada, *Mas* kwa kaka. Kwa Wasunda ni *Teh* na *Aa*. Ni kama dada na kaka zetu, na mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa kwa nini hilo lina uzito.

Kuhusu halali, sheria ya cheti ilianza kubana wafanyabiashara wakubwa na wa kati Oktoba 2024, na wadogo wamepewa hadi Oktoba 2026. Kibanda kisicho na cheti ukutani kwa sasa si ishara ya jambo baya. Kisiwa cha Bali ni habari nyingine: wengi huko ni Wahindu na nyama ya nguruwe ni chakula cha heshima, kwa hiyo Mwislamu atafute mgahawa wa Kipadang au kibao cha *Warung Muslim*.

Ramadhani mchana vibanda vingi hufungwa au kutundika pazia. Idi ikifika, wenye warteg hurudi Tegal karibu wote, na Jakarta inabaki na makufuli kwa wiki nzima au zaidi. Wapadang nao wengi hufunga. Mwanafunzi anayebaki mjini wakati huo anunue mchele na mayai mapema.

Kwa hali yako

Umekuja kununua nguo Tanah Abang, soko kubwa la nguo la Jakarta, una saa moja na mizigo miwili: kula rames ya Kipadang. Umekaa mezani kwako, mizigo iko miguuni, na baada ya dakika 20 umeondoka. Benchi la warteg litakubana.

Wewe ni mwanafunzi wa ufadhili na posho inaisha tarehe 20: warteg ndiyo jiko lako. Chagua moja karibu na chuo, uende mchana, ufahamiane na mama. Atakayekufahamu ndiye atakayekuongezea mboga bila kuandika. Padang iwe ya siku posho inapoingia.

Mko wanne, ndiyo mara yenu ya kwanza na mnataka kujua chakula cha nchi hii kwa usiku mmoja: ketini kwenye hidang. Kubalianeni kwanza sahani ngapi mtagusa, na zilizobaki mwambieni mhudumu aziondoe mapema, vinginevyo mikono itaendelea yenyewe.

Umemleta mama yako kutoka nyumbani, au una watoto wadogo: saung, siku ya katikati ya wiki, mkifika kabla ya saa sita mchana. Kama mama hawezi kukaa siku bila mchuzi wa nazi, badilisha mpango umpeleke Padang, umwagizie ayam pop na kisamvu.

Huli nyama: warteg kwa kila siku, saung kwa siku ya furaha.

Una mzio wa karanga: anza na Padang, na kokote utakapokwenda sema *tidak pakai kacang* kabla ya kukaa. Kama mzio wako ni wa kamba, mahali penye nafasi nzuri ni saung, kwa sababu wanaweza kukupikia upya bila terasi.

Ni saa tatu usiku na hamjala tangu asubuhi: rendang, wali, na kipande cha dendeng. Kama dirisha la Kipadang limeshazimwa taa, tafuta warteg isiyofunga na umwombe mama akukaangie mayai mawili.